Barua kwa Atupele

Mbalizi, Mbeya
12 Machi

Shoga yangu Atupele,

Ndaga. Mchele wa Kyela nimeupakia kwenye basi la jana, uwahi stendi kabla konda hajausahau kwenye buti. Huku mvua haikatiki, mlima Loleza hatujauona siku ya tano leo.

Ulisema huelewi marubani wawili wanashindwaje kuishika ndege ambayo si mbovu. Mwezi jana nilipanda ndege Songwe kwenda Dar, nikakaa dirishani. Muda si muda tukazama kwenye wingu, nje kukawa kweupe kama ndani ya gunia la pamba. Mkononi nilikuwa na chupa ya maji, nusu. Nikayatazama: yametulia, yako sambamba na sakafu. Nikajua tunakwenda sawa. Mara wingu likapasuka, nikaona mashamba ya kahawa yamesimama dirishani kama kalenda ukutani. Kumbe ndege imelala upande, inageuka, na maji hayajasema kitu! Ndege ikigeuka vizuri, maji huifuata sakafu yake, hayajali ardhi iko wapi. Na ndani ya sikio mna maji pia, ndiyo yanayotuambia tumeinama au tumesimama. Ukilazwa polepole, hayashtuki.

Sasa ikumbuke ile ya Kenya Airways, KQ507, usiku wa 5 Mei 2007. Ilikuwa imetoka Abidjan, ikapitia Douala kule Kamerun, iende Nairobi. Boeing 737-800, haijamaliza hata mwaka kazini. Waliruka gizani, radi zimezagaa, tena bila kungoja ruhusa ya mnara wa kuongozea ndege. Ndege ikawa inaelemea kulia kidogo kidogo. Nahodha akatamka otopailoti, ule mtambo unaoiendesha ndege wenyewe, ishike, lakini haikushika, na msaidizi wake hakuthibitisha. Hapo ndipo nywele zinaponisimama: kila mmoja anaamini ndege ina mwenyewe, kumbe haina. Nje giza tupu, hakuna taa ya kulinganishia. Kipimo cha mlalo kiko mbele ya macho yao, hakitazamwi. Ilipofika digrii 34 hivi onyo likalia, nahodha akashtuka, akazungusha usukani kulia. Kulekule ilikoelemea! Akarudisha kushoto, akaenda tena kulia, ikapinduka.

Watu 114, hakupona hata mmoja. Siku nzima walitafutwa mbali huko misituni, na ndege ilikuwa kwenye kinamasi cha mikoko, kilomita tano na kitu kutoka mwisho wa barabara ya kurukia.

Wachunguzi walitaja pia kwamba wawili wale hawakushirikiana vizuri. Msaidizi alikuwa kijana wa miaka 23, nahodha mtu mzima wa 52. Sisi tuliolelewa huku tunajua kumnyamazia mkubwa, hata sufuria inaungua unaiona. Simlaumu kijana. Nahodha namlaumu kidogo, Mungu anisamehe, maana usukani ulikuwa wake.

Mjomba anasema siku hizi marubani wanafundishwa hayo kwenye chumba cha kuigiza ndege: wanalazwa upande makusudi, kisha wanaambiwa wainyooshe kwa kutazama vipimo tu. Alishangaa nilipomsimulia ya chupa. Sasa kila akisafiri anabeba maji.

Pasaka unakuja kwa ndege au kwa basi? Niambie mapema, nije na bajaji Songwe. Na usisahau vitenge vyangu.

Wako,
Neema