Kabla giaboksi haijashushwa, kagua silinda za klachi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme na wenye magari wa Mwanza na kandokando ya ziwa, na mafundi wenzangu pia, kuhusu hasara inayojirudia kila siku. Gari likigoma kuingia gia, hukumu ya kwanza kwenye gereji nyingi ni "klachi imekwisha". Giaboksi inashushwa, klachi pleti, presha pleti na beringi vinanunuliwa, na baada ya muda si mrefu ugonjwa umerudi vilevile. Kilichokuwa kibovu ni kikombe cha mpira cha kuzuia oili ndani ya silinda ya klachi, kisichofikia hata ukubwa wa kizibo cha soda, na hakuna aliyekitazama.

Magonjwa haya mawili hayafanani. Klachi pleti iliyokwisha huteleza: injini inanguruma, gari haliongezi mwendo, hasa kwenye mwinuko kama wa kupanda Bugando, na harufu ya kuungua inaingia ndani. Klachi yenye upungufu wa oili au upepo ndani ya bomba hufanya kinyume chake, yaani haiachii. Umekanyaga pedali hadi chini lakini gia zinakwaruza, rivasi ndiyo ya kwanza kulalamika, au gari linataka kutembea na mguu wako bado uko chini. Pedali yenyewe ni laini, inarudi kwa uvivu au inabaki sakafuni, na ukiipiga mara tatu nne inapata nguvu kidogo. Ukiona hivyo, weka pochi mfukoni kwanza.

Niseme pia nani hahusiki. Bajaji, bodaboda na kirikuu nyingi hutumia waya wa klachi, na malori makubwa yana silinda inayosaidiwa na upepo wa kompresa. Hayo yana mafundi wake. Nazungumzia magari ya gia za mkono yenye silinda ya juu kwenye pedali na silinda ya chini ubavuni mwa giaboksi, zikiunganishwa kwa bomba la chuma na kipande cha mpira wa presha. Ukikanyaga, silinda ya juu inasukuma oili ya breki, silinda ya chini inatoa fimbo, fimbo inasukuma uma, uma unasukuma beringi, na beringi inabonyeza vidole vya presha pleti mpaka klachi iachie. Kikopo cha oili kwa kawaida kiko chini ya boneti upande wa dereva, na kwenye magari ambayo dereva hukaa juu ya injini mara nyingi kimefichwa kwenye dashibodi.

Kikopo hicho kina ushahidi ambao wengi hawaujui. Kwenye breki, oili hushuka taratibu jinsi pedi zinavyolika, na hiyo ni kawaida. Kwenye klachi ya mfumo huu ni kinyume: pleti ikilika, vidole vya presha pleti vinarudisha pistoni ya chini ndani zaidi, na oili inapanda kidogo kwenye kikopo. Kwa hiyo kikopo cha klachi kinachopungua hakina maelezo mengine, kinavuja. Anayenunua kichupa cha oili ya breki kila wiki na kuongeza tu, analipia mvujo kwa mafungu. Yapo magari ambayo klachi na breki vinachangia kikopo kimoja. Kwa kawaida tundu la klachi huwekwa juu zaidi ili breki zisikauke kabisa, lakini katika mji wenye miteremko kama huu sioni sababu ya kulitegemea tundu hilo.

Kabla ya kutafuta linapovuja, hakikisha kinachodondoka ni oili ya breki kweli. Chukua matone kwa kadibodi safi iliyolazwa chini ya gari usiku kucha, kisha tia tone moja kwenye kisahani chenye maji. Oili ya injini na ya giaboksi huelea na kutanda. Oili ya breki huyeyuka na kupotea ndani ya maji. Maji matupu upande wa abiria ni ya kiyoyozi, yaache. Oili nzito yenye harufu kali ya kiberiti ni ya giaboksi, na hiyo ni sili nyingine na hadithi nyingine.

Sasa tafuta, ukianzia ndani. Piga tochi chini ya dashibodi, pale fimbo ya pedali inapoingia kwenye silinda ya juu. Pitisha kidole nyuma ya mpira wake. Unyevu hapo, au zulia lililolowa chini ya pedali, maana yake kikombe cha nyuma cha silinda ya juu kimekufa. Rangi iliyovimba na kubanduka kwenye bati chini ya silinda ni alama ileile, maana oili ya breki hula rangi.

Kisha nenda chini. Egesha pahali tambarare (wakazi wa Isamilo na Capri Point, mniwie radhi, shukeni bondeni), zuia matairi kwa mawe, ambayo Mwanza hayakosekani, na gari likiinuliwa likae juu ya stendi za chuma. Jiwe ni la kuzuia tairi tu. Usilitumie kubeba gari. Tafuta silinda ya chini na ufunue mpira wa vumbi kwa ncha ya bisibisi bapa. Hapa ndipo mivujo mingi inapopatikana: mpira wa vumbi hukusanya oili ndani yake kwa siku nyingi bila kudondosha hata tone, na ukiufunua inamwagika kwenye vidole. Unyevu mdogo wa jasho unaweza kuvumiliwa kwa muda. Oili inayotiririka haivumiliki. Kagua pia mpira wa presha pale unapokunjwa, na nati za bomba.

Kuna magari mapya zaidi ambayo silinda ya chini imezunguka shafti ndani ya nyumba ya klachi. Hayo yakivuja, oili ya breki hutokea chini kabisa, pale injini inapokutana na giaboksi, na hapo giaboksi lazima ishuke kweli. Hiyo si kazi ya uani.

Ukikuta pakavu kila mahali na kikopo hakipungui lakini pedali inazama, shuku silinda ya juu kuvujisha ndani kwa ndani. Injini ikiwa imezimwa, mwenzako akanyage na kushikilia pedali huku wewe ukitazama fimbo ya silinda ya chini, vidole vikiwa mbali. Fimbo ikitoka halafu ikaanza kurudi yenyewe wakati mguu haujaondoka, kikombe cha mbele hakizuii tena. Ikiwa fimbo inatoka vizuri, kwenye magari mengi madogo zaidi ya milimita 10, na inakaa palepale, lakini gia bado zinakwaruza, basi upande wa oili ni mzima na anayetaka kushusha giaboksi ana haki. Mafundi wenzangu, kipimo hiki kinachukua dakika chache. Kifanyeni mbele ya mteja kabla ya kulegeza bolti ya kwanza.

Matengenezo ya silinda ya chini yanawezekana nyumbani kwa mtu mwenye subira. Nunua seti ya mipira kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mwili wa silinda, mara nyingi inchi 5/8 au 3/4, au nenda na silinda yenyewe dukani. Kwa aliye Ukerewe nashauri silinda nzima mpya iwe tayari mkononi kabla ya kufungua, maana ukikuta chuma kimelika utasubiri kivuko na gari liko juu ya stendi.

Legeza nati ya bomba wakati silinda bado imefungwa, kwa spana ya mabomba inayokumbatia pande nyingi za nati. Spana ya kawaida huvua kona zake. Ziba bomba kwa kifuniko safi, toa bolti mbili, na usimruhusu mtu akanyage pedali. Pistoni itoke kwa upepo mdogo wa pampu ya baiskeli, mdomo wa silinda ukielekezwa kwenye kitambaa. Kumbuka mpangilio wa springi.

Tazama ukuta wa ndani kwenye mwanga wa jua. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya ziwani inao wa kutosha. Unyevu huo hula chuma. Ndiyo maana utakuta vishimo vya kutu. Pitisha ukucha. Ukikwama, silinda ni ya kutupa, kwa kuwa kikombe kipya kitachanika palepale na wewe utalaumu mpira feki. Madoa matupu kwenye silinda ya chuma yasuguliwe kwa msasa laini namba 1000 au 1200 uliolowa oili ya breki, kwa kuzungusha, si kwa kuvuta mbele na nyuma. Silinda ya alumini usiisugue, badilisha.

Osha kwa oili ya breki mpya au spiriti. Petroli, dizeli na mafuta ya taa ni marufuku. Mipira hii haivumilii mafuta ya petroli ya aina yoyote: huvimba, hulainika na kunasa. Ndiyo sababu aliyeongeza oili ya injini au ya giaboksi ya otomatiki kwenye kikopo ili afike nyumbani amejiongezea bili: silinda ya juu, ya chini na mpira wa presha, vyote vimeharibika, na kama kikopo ni kimoja, breki pia.

Paka kikombe kipya oili ya breki na ukiingize mdomo wake mpana ukitazama upande oili inakotokea, si upande wa fimbo. Kikigeuzwa, hakuna presha itakayojengeka hata ukitoa upepo hadi jioni. Ingiza kwa vidole, mdomo usikunjike. Shikiza nati ya bomba kwa mkono mizunguko kadhaa kabla ya kurudisha silinda, kisha kaza bila ubabe; nyuzi zikiharibika, silinda imekwenda.

Kutoa upepo ndiko kunakowashinda wengi, na sababu kubwa ni haraka. Tumia oili mpya ya breki ya daraja la DOT 3 au DOT 4 kama kifuniko cha kikopo kinavyosema. Kopo la nusu lita linatosha na kubaki, maana mfumo wote huhitaji karibu mililita 200 hadi 300 kusafishwa. DOT 5 ni ya silikoni, haichanganyiki na hizo. Usinunue ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Oili iliyokaa wazi imeshakunywa unyevu. DOT 3 mpya inatakiwa ichemke si chini ya nyuzi 205, lakini ikishanyonya maji kiwango chake kinashushwa hadi 140.

Vika mrija unaoonyesha ndani kwenye nati ya kutolea upepo iliyo kwenye silinda ya chini, ncha yake nyingine izame kwenye chupa yenye oili kidogo. Mwenzako akanyage taratibu hadi chini na kushikilia. Fungua nati robo mzunguko, oili na mapovu vitoke, funga, ndipo airudishe pedali juu kwa mkono au kwa kuinua mguu polepole. Akiachia kabla hujafunga, upepo unarudi ndani. Akipiga pedali harakaharaka, anasaga upepo kuwa povu ambalo halitoki. Kikopo kisishuke chini ya nusu. Mapovu yakiisha lakini pedali bado laini, angalia kama nati ya kutolea upepo ndiyo sehemu ya juu kabisa ya silinda. Kama haiko juu, fungua bolti mbili, inamisha silinda mpaka nati itazame juu huku ukiishikilia fimbo ndani, na urudie. Ikigoma bado, sukuma oili kutoka chini kwa sirinji kubwa: upepo wenyewe hupenda kupanda. Mtu mmoja achunge kikopo kisifurike, na ndoo ya maji iwe karibu kwa ajili ya rangi ya gari.

Malizia kwenye pedali. Kabla fimbo haijagusa pistoni ya juu, pedali isogee kidogo. Kwenye Toyota nyingi ni milimita 1 hadi 5 ukipimia kwenye kanyagio. Nafasi hiyo ikikosekana, tundu la kurudishia oili kwenye kikopo, lililo ndani ya silinda ya juu, linabaki limezibwa, presha inabanwa ndani, na klachi pleti nzima itaanza kuteleza na kuungua.

Chora mstari wa kalamu kwenye kikopo ulingane na oili, na uutazame tena baada ya wiki moja. Oili chafu ikae kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na watoto maana ni sumu, ipelekwe gereji inayokusanya oili chakavu. Isimwagwe kwenye mtaro. Mitaro mingi ya mjini huishia Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani.

Fundi magari,
Mkuyuni, Mwanza