Mnara wa makazi usiharibu mwanga wa sanaa jirani

Mhariri,

Makala yenu kuhusu majengo marefu ya matumizi mchanganyiko katika maeneo ya sanaa ilieleza vizuri faida ya kuweka maduka na migahawa chini na makazi juu, lakini haikugusa kabisa kuta za nje na mwanga zinaourudisha kwa majirani.

Yaliyotokea Dallas, Marekani, yanaonyesha uzito wa jambo hili. Mwaka 2003 lilifunguliwa huko jumba la sanamu la Nasher Sculpture Center, lililosanifiwa na Renzo Piano. Paa lake ni la vioo, na juu ya vioo hivyo kuna kichujio cha alumini chenye matundu madogo yaliyoelekezwa kaskazini, ili mwanga laini wa anga uingie huku jua kali likizuiwa. Baadaye, upande uleule wa kaskazini, ukasimama Museum Tower, mnara wa makazi wa ghorofa 42 uliogharimiwa na mfuko wa pensheni wa polisi na zimamoto wa jiji hilo. Kuta zake za vioo zikaanza kurudisha miale ya jua na kuipenyeza katika matundu hayohayo. Mabaka ya mwanga mkali yakaangukia sanamu, mimea ya bustani ikaungua, na chumba kilichobuniwa na msanii James Turrell, ambamo mtu huketi akitazama anga tupu kupitia uwazi wa darini, kikapoteza maana yake kwa kuwa mnara ulionekana ndani ya uwazi huo.

Wenye mnara walipendekeza paa la jumba lirekebishwe, ilhali jumba lilitaka mnara uwekewe vizuizi vya jua. Mimi nasimama na jumba bila kusita, kwa sababu lilitangulia kujengwa na mwanga wake ulikuwa umekwisha kupimwa, na mnara wenyewe ulichukua jina lake kutokana na ujirani huo.

Naziomba mamlaka za mipango miji za Dar es Salaam na Nairobi, ambako jua la asubuhi na la alasiri hupiga kuta za mashariki na magharibi mwaka mzima, zisitoe kibali cha mnara wa vioo kabla msanifu hajaonyesha, kwa saa na kwa msimu, miale itakayorudishwa itaangukia wapi. Roshani zenye kina na vioo visivyoakisi sana vikipangwa mapema ni sehemu ya ujenzi wa kawaida. Jengo likishakamilika na nyumba kuuzwa, ni vigumu kumpata atakayekubali kulipia marekebisho.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam