Jumamosi Jambiani: kupima maji yanayotoka chini

Jamani habari zenu, Jumamosi safari ya Jambiani, kule Unguja, ipo palepale, ni bamvua kwa hiyo bahari ikipwa inapwa kweli na ndo saa maji ya ardhini yanachuruzika kwa wingi pale ufukweni, gari inaondoka saa 12 asubuhi na haisubiri mtu.

Kwa wageni wa grupu: upande ule chini ni mawe ya matumbawe yenye matundu matundu, mvua inazama moja kwa moja, ikipita kwenye vyoo vya shimo inazoa naitreti (kirutubisho kama cha mbolea) mpaka baharini, fosfeti, kirutubisho kingine, yenyewe hukwama sana kwenye chokaa ndo maana tunapima zote mbili, na chumvi pia, maana mahali chumvi imeshuka halafu naitreti imepanda ujue hayo maji yametoka nchi kavu.

Mapipa yaliyokatwa, yale ya kukinga maji yanayotoka chini ya mchanga, tunayazika Ijumaa ili mchanga utulie, tafadhali msiyasogeze, ukitibua tope linaachia virutubisho vyake vyote na kipimo kimeharibika. Vile vimfuko vya juu ya pipa vinavyopokea hayo maji viwekwe maji kidogo kwanza na vipimwe uzito, kimfuko kitupu kinavuta maji chenyewe kinatudanganya (mimi hiki kifaa cha pipa na kimfuko nakipenda, rahisi kuliko vyote). Chupa za radoni (inatoka kwenye mawe, maji ya ardhini yanayo nyingi kuliko ya bahari, ndo inatuonyesha yanapotokea) zisiwe na povu hata moja, ni gesi ile, inatoroka, na hata ikibaki inapungua nusu kila baada ya siku 3.8.

Sampuli zichujwe hapohapo, ziingie kwenye barafu. Na msikanyage mwani wa kina mama, piteni pembeni. Nani ana kuli boksi kubwa?