Asante sana kaka uliyenisaidia saa ya laptop

Kaka jina lako silijui ila asante sana aisee. Ile laptop kila nikiizima na kuchomoa chaja, ikiwaka saa imerudi nyuma miaka kibao, kurasa za intaneti zinagoma zinadai cheti cha usalama hakijaanza kutumika, na fundi mmoja alishaniambia bodi imekufa ninunue nyingine. Wewe ukasema tu ni kale kabetri ka saa kwenye bodi kamechoka, CR2032 ya volti 3, ila nitafute yenye waya na plagi yake kama ile ya zamani. Nimebadilisha, nikaseti tarehe kwenye BIOS (ile sehemu ya mipangilio ya msingi ya kompyuta), sasa inalala imezimwa na asubuhi saa iko sawa kabisa. Na hela ya soda ukakataa jamani, Mungu akuzidishie!