Kabla hujagusa data: kwa rafiki anayeanza uzamivu

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na hongera sana kwa kupata nafasi ya uzamivu. Umeuliza mtu hufikaje kwenye uprofesa wa uhandisi wa kompyuta kwa njia ya utambuzi wa ruwaza, yaani kuifundisha kompyuta kutambua mpangilio unaojirudia katika data. Ngazi unazijua: tasnifu, uhadhiri, uhadhiri mwandamizi, uprofesa mshiriki, kisha uprofesa kamili. Ila anayepanda na kudumu ni yule ambaye wengine wakirudia majaribio yake wanapata alichopata yeye. Nakusihi ulishike hilo tangu mwanzo.

Data ikifika, tenga kwanza sehemu ya majaribio, ambayo programu haitaiona wakati wa mafunzo. Usisawazishe vipimo wala usichague sifa, yaani vipimo ambavyo programu itavitegemea kuamua, kabla ya hapo. Uteuzi wa sifa ndio unaowaponza wengi. Chukua sampuli 100, kila moja na sifa 10,000 za kubahatisha tupu: lazima chache zitalandana kwa bahati na makundi ambayo programu inatakiwa kuyatofautisha. Ukizichagua kwa kutumia data yote, programu itaonekana hodari ilhali hakuna ruwaza yoyote mle. Kwa hiyo, ukigawa data mafungu 10 na kuyapokeza zamu ya kujaribiwa, chagua sifa upya katika kila zamu, kutoka mafungu 9 ya mafunzo peke yake.

Tazama pia unagawa nini. Ikiwa kila mgonjwa ana picha 20 za ngozi, gawa wagonjwa, si picha. Picha za mtu mmoja zikiangukia pande zote mbili, programu itamkumbuka mtu na wewe utadhani imeutambua ugonjwa.

Usifurahie usahihi wa asilimia 95 hujahesabu makundi. Kama asilimia 95 ya sampuli ni za watu wenye afya njema, programu inayojibu “mzima” kila mara inafika hapohapo bila kumgundua mgonjwa hata mmoja. Onyesha matokeo ya kila kundi. Rudia mafunzo kwa mbegu tofauti za nasibu (namba zinazoanzisha uchaguzi wa kubahatisha ndani ya programu), utoe wastani pamoja na mtawanyiko.

Mbinu ya kulinganishia iwe rahisi; jirani wa karibu, inayoipa sampuli mpya kundi la ile inayofanana nayo zaidi, inatosha kuanzia. Watafiti Cover na Hart walithibitisha mwaka 1967 kwamba sampuli zikiongezeka bila kikomo, kiwango chake cha makosa hakizidi mara mbili ya kile cha chini kabisa kinachowezekana. Kwenye MNIST, mkusanyo wa tarakimu zilizoandikwa kwa mkono wenye picha 60,000 za mafunzo na 10,000 za majaribio, inafikia takriban asilimia 97. Ndiyo maana tarakimu zile zinafaa kukagulia programu, lakini hazibebi tasnifu.

Kuhusu machapisho, peleka matokeo ya awali kwenye mkutano kama ICPR, ule wa kimataifa wa utambuzi wa ruwaza, kisha uyapanue kwa majaribio mapya na kuyapeleka kwenye jarida. Uliza mapema kamati ya vyeo ya chuo chako inahesabu nini, kwani vyuo vingine hutanguliza majarida.

Na usijifunge kwenye mbinu moja. Baada ya AlexNet, mtandao wa neva unaojifunza sifa wenyewe, kushinda shindano la ImageNet la kutambua vitu katika picha mwaka 2012, waliokuwa wakibuni sifa za picha kwa mkono walilazimika kujifunza upya. Chagua tatizo unaloweza kulikusanyia data yako mwenyewe, kwa ridhaa ya wahusika, maana data hiyo itakufaa hata mbinu zikibadilika.

Nitumie mpango wako wa kugawa data kabla hujaanza mafunzo, tuupitie pamoja.

Wako akupendaye,
Rafiki yako