Barua ya Wazi kwa Marubani Vijana Kabla ya Majadiliano ya Mkataba

Wanangu,

Nawasalimu nyote mlioko Nairobi, Mombasa, Dar es Salaam na kwingineko. Kila majadiliano ya mkataba wa pamoja yanapokaribia, nawasikia mkianzia kwenye mshahara na kuishia kwenye posho. Madai hayo ni ya haki. Lakini ajira ya rubani huamuliwa mapema zaidi, pale uongozi unapochagua ndege za kununua, za kukodi na za kuachia.

Tazameni yaliyoipata Kenya Airways. Kati ya mwaka 2013 na 2014 ilipokea Boeing 777-300ER tatu, kisha ikaanza kupokea Boeing 787. Baada ya hasara iliyozidi shilingi bilioni 25 katika mwaka mmoja wa fedha, zile 777 tatu zilikodishwa kwa Turkish Airlines na 787 mbili kwa Oman Air, nazo hazikwenda na marubani wa Kenya Airways. Rubani aliyefuzu aina moja ya ndege hawezi kuamka kesho akarusha nyingine. Ni lazima arudi darasani na kwenye mashine ya kuigiza urushaji wa ndege. Na panapofuatwa ukongwe kazini, yaani aliyetangulia kuajiriwa kutangulia kuchagua nafasi, kapteni anayeshushwa kutoka ndege kubwa humsukuma aliye chini yake, naye humsukuma mwingine, hata rubani msaidizi aliyekuwa karibu kupandishwa cheo hubaki pale pale kwa miaka, na mhitimu mpya hakuti nafasi kabisa.

Wenzenu wa Marekani waliliona hili zamani. Mikataba yao na Delta, United na American huweka mipaka ya kazi inayoweza kupewa mashirika madogo yanayorusha kwa jina la shirika kubwa: ndege isizidi viti 76 wala uzito wa kuruka wa pauni 86,000, yaani takriban tani 39. Kiwanda cha ndege cha Embraer cha Brazil kilipotengeneza ndege ya E175-E2, uzito wake ulivuka mpaka huo, na mashirika hayo madogo hayakuweza kuirusha kwa niaba ya makubwa. Hata hivyo, chini ya mpaka uleule, katika mashirika hayo madogo, waliongezeka marubani waliolipwa kidogo kwa muda mrefu, ingawa abiria wao walikata tiketi zenye majina makubwa. Tena, kikomo cha viti pekee hakitoshi: United ilipata ndege ya CRJ550 kwa kuchukua umbo la ndege kubwa zaidi, CRJ700, na kuliwekea viti 50 tu.

Kwa hiyo, wanangu, andikeni kifungu kinachofuata jina lililo kwenye tiketi, yaani kinachogusa kila ndege inayorushwa kwa jina la shirika lenu, hata ikirushwa na kampuni nyingine. Kampuni tanzu ikianzishwa, kama Jambojet ya Kenya Airways iliyoanza kuruka mwaka 2014, mkataba useme rubani atahamaje na ukongwe wake utahesabiwaje. Sipingi kila ukodishaji wa ndege pamoja na marubani wake; matatizo ya injini yalipozisimamisha Airbus A220 za Air Tanzania mwaka 2022, kila mtu aliona jinsi shirika linavyoweza kupungukiwa ndege ghafla. Lakini ukodishaji huo uwe na tarehe ya mwisho, na gharama ya kuwafunza upya marubani walioachwa bila ndege ibebwe na shirika.

Katika kikao cha kwanza, kabla hamjataja shilingi yoyote, ombeni kwa maandishi mpango wa ndege wa miaka mitano ijayo, na mtu mmoja wenu anayejua hesabu apewe muda wa kuusoma wote.

Mzee wenu,
Rubani mstaafu