Muulize lini, usimuulize kwa nini

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na hongera tena kwa kupewa usimamizi. Tangu tulipozungumza kwenye simu maneno yako hayajanitoka, na kwa kuwa wasimamizi wengi wanaamini unachoamini wewe, nimeona nikuandikie hadharani. Jina lako nimelihifadhi.

Uliniambia kuna dada katika kitengo chako aliyeomba siku chache za likizo ya mwaka. Kwenye nafasi ya sababu akaandika "mambo binafsi", nawe ukamrudishia fomu afafanue. Ukasema huna nia mbaya, unataka tu kujua kama safari yake ni ya lazima au inaweza kusubiri. Nia yako naiamini. Lakini swali lenyewe si lako kuliuliza, na nakuomba uliache kabisa, kwa huyo dada na kwa wengine wote walio chini yako.

Siku anazoomba ni zake tayari. Kila mwezi aliofanya kazi ulimwongezea siku kadhaa, na siku hizo ni ujira wake uleule, ila unalipwa kwa muda. Mshahara ukiingia, humwiti mtu ofisini akueleze atanunua nini ndipo umruhusu autoe. Ungeona aibu hata kufikiria hivyo. Basi sioni kwa nini sehemu hii ya ujira iwe na mlinzi mlangoni.

Wala hii si hisani iliyobuniwa na waajiri wenye huruma. Tamko la Haki za Binadamu la 1948, katika ibara ya 24, linataja likizo yenye malipo pamoja na haki ya kupumzika na kikomo cha saa za kazi. Mwaka 1970 Shirika la Kazi Duniani likapitisha Mkataba namba 132, unaosema likizo isipungue majuma matatu kwa mwaka mmoja wa kazi. Zipo nchi nyingi ambazo hazijauridhia, najua, lakini ibara yake ya 10 ningependa uisome kwa makini. Inampa mwajiri nafasi ya kupanga wakati wa likizo, pale ambapo haujapangwa kwa kanuni au makubaliano, na sharti kwanza ashauriane na mfanyakazi. Katika kupanga huko anaangalia mambo mawili: mahitaji ya kazi, na nafasi aliyonayo mfanyakazi ya kupumzika. Basi. Humo hakuna mahali msimamizi anapoambiwa apime kama shughuli ya mtu ina uzito wa kutosha.

Ulinijibu kwamba bila sababu watu watajichukulia siku ovyo. Watajichukuliaje ovyo, na siku zenyewe zimehesabiwa? Akimaliza zake, zimekwisha. Atakayekosa kazini bila kuaga, huyo ni mtoro, na utoro una taratibu zake za nidhamu. Usiuchanganye na mtu aliyejaza fomu mapema na kungoja jibu lako.

Hebu fikiria swali hilo linafanya nini ndani ya kitengo. Watu wanajifunza haraka ni sababu zipi zinapita. Msiba unapita. Mtoto mgonjwa anapita. Harusi ya ndugu inapita kwa shida. "Nimechoka" haipiti, ingawa uchovu ndio sababu ya kwanza ya likizo kuwepo. Kwa hiyo mtu aliyechoka anakuja na mgonjwa wa kubuni, na ukimkubalia, umemfundisha kwamba kwako uongo una faida. Aliye mkweli ndiye anayebaki kazini. Baada ya mwaka mmoja utakuwa na watu wanaokudanganya kwa adabu, na siku mmoja wao akifiwa kweli, utamtazama kwa shaka.

Halafu kuna mambo yasiyosemeka. Mtu anaweza kuwa na kesi ya talaka. Anaweza kuwa anaanza matibabu ambayo hata wazazi wake hawajaambiwa. Mimba imeharibika, na kabla ya hapo hakuna kazini aliyejua kuwa ipo. Anamsaidia ndugu yake aache ulevi. Au anakwenda kwenye usaili wa kazi nyingine, jambo ambalo ni haki yake kamili. Ukimbana akueleze, umempa njia mbili tu: akuvulie nguo za moyo au adanganye. Na wewe, mdogo wangu, ni mtu mwema lakini husahau kufunga mdomo, tuliokulea tunajua. Fomu hiyo nayo haiishii mezani kwako. Inapita kwa karani, inapita kwa afisa rasilimali watu, inahifadhiwa kwenye faili ambalo msimamizi ajaye atalifungua.

Tena swali hilo halimgusi kila mtu sawasawa. Mwenye watoto ana sababu inayoheshimika kila msimu wa shule. Asiye na mume wala mtoto anaonekana hana linalomwita nyumbani, hivyo siku zake ndizo zinazosogezwa kwanza, mwaka hadi mwaka. Na mkurugenzi wenu akiondoka wiki mbili, nani humuuliza? Inatosha kutangazwa kwamba yuko likizo na nani anashika nafasi yake.

Sasa nisikufiche: zipo likizo ambazo sababu ndiyo msingi wake. Ya uzazi, ya msiba, ya ugonjwa. Hizo hutolewa juu ya siku za kawaida kwa sababu jambo fulani limetokea, kwa hiyo kuthibitisha kwamba limetokea ni haki. Hata hapo, kipimo kiwepo. Cheti cha daktari kikuambie kwamba mtu hawezi kufanya kazi na hadi tarehe gani. Ugonjwa gani, hiyo ni siri yake na daktari. Uingereza, kwa mfano, mfanyakazi akiugua kwa siku 7 au pungufu hujieleza mwenyewe kwa mwajiri, cheti kinahitajika akizidisha hapo. Na Mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1982, unasema kukosa kazini kwa muda kwa sababu ya ugonjwa si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Suala la vyeti mkataba huo umeziachia sheria za kila nchi, kwa hiyo kasome za kwenu kabla hujamdai mtu karatasi ya mafua ya siku moja.

Usidhani kwamba ni ndoto zangu. Marekani haina sheria ya taifa zima inayomlazimisha mwajiri kutoa likizo ya mwaka yenye malipo, lakini humo humo jimbo la Illinois lina sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024. Mfanyakazi anapata saa moja ya likizo yenye malipo kwa kila saa 40 alizofanya kazi, hadi saa 40 kwa mwaka, na mwajiri haruhusiwi kumdai sababu wala hati ya kuithibitisha. Nevada na Maine zilitangulia, 2020 na 2021, kwa sheria za likizo inayoweza kutumiwa kwa jambo lolote. Ulaya nako, Novemba 2018, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba mfanyakazi hapotezi likizo yake kwa sababu tu hakuiomba. Ni juu ya mwajiri kuonyesha kwamba alimpa nafasi ya kweli ya kuichukua. Mzigo umehamia upande wako wa meza. Nami naona hapo ndipo unapostahili kukaa.

Maana wewe una sauti, na sauti yako ni kubwa. Una haki ya kuuliza lini. Una haki ya kuomba taarifa mapema, kujua kazi zake atamkabidhi nani, na funguo zitabaki kwa nani. Kama mnafunga hesabu wiki hiyo na hakuna wa kumshikia zamu, mkatalie. Lakini ukikataa, wewe ndiye unayetakiwa kutoa sababu, kwa maandishi, pamoja na tarehe nyingine unayoweza kumpa. Katika jambo hili anayepaswa kujieleza ni anayezuia.

Watu wawili wakiomba wiki moja na anayeweza kuondoka ni mmoja, utajaribiwa kusikiliza hadithi zao uamue ipi inasikitisha zaidi. Usifanye hivyo. Weka utaratibu unaojulikana: aliyeomba kwanza, au kupokezana, aliyekosa mwaka jana atangulie mwaka huu. Waache wazungumze wenyewe pia. Mara nyingi mmoja atamwambia mwenzake asichoweza kukuambia wewe, na watakuja wamekwisha elewana.

Akitaka kukueleza kwa hiari yake, msikilize kama binadamu. Mpe pole, mpe hongera. Hilo ni tofauti kabisa na kumdai.

Kwa hiyo ninachokuomba ni kidogo. Zungumza na rasilimali watu waiondoe ile nafasi ya sababu kwenye fomu ya likizo ya mwaka, na wakichelewa, waambie watu wako waiache wazi. Huyo dada mjibu wiki hii: kama tarehe zinawezekana, ndiyo, kama haziwezekani, kwa nini na lini.

Kisha omba na ya kwako, kwa sababu najua bado hujaigusa ya mwaka huu, na watu wako wanalitazama hilo kuliko wanavyosoma fomu. Siku ya kuaga waambie unarudi tarehe gani na nani atashika nafasi yako. Unakokwenda usiwaambie.

Ndugu yako mkubwa